Orodha ya nyimbo za Luther haikai sawa? Dalili, vyanzo na namna ya kuirekebisha

Jioni ya kwanza tulipoicheza orodha yetu ya nyimbo za Luther, ile tamthilia ya upelelezi ya Uingereza, hapa Manyatta, Kisumu, jirani alibisha hodi wimbo wa tano ukiendelea. Alikuwa amejifunga leso, sauti ameishusha, na neno lake la kwanza lilikuwa "poleni". Alidhani tumefiwa. Tulikuwa tumepanga nyimbo 18, zote za huzuni, zote za polepole, kwa kuamini kwamba tamthilia yenye giza inataka muziki wa kilio tangu mwanzo hadi mwisho.

Tangu siku hiyo nimeivunja na kuijenga upya orodha hiyo mara nyingi, na nimekaa na marafiki wa Kakamega na Nakuru waliokuwa wakijenga za kwao. Matatizo ni yale yale. Ninayaeleza hapa kwa namna ninavyoyashughulikia mwenyewe: naanza na kile kinachosikika, kisha nafuata nyuma mpaka kwenye chanzo.

Kwa asiyeijua, Luther ni tamthilia ya BBC iliyoandikwa na Neil Cross. Ilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010 na kumalizika 2019, misimu 5 yenye vipindi 20, kisha ikaja filamu mwaka 2023. Idris Elba ndiye John Luther, mpelelezi wa London mwenye koti la kijivu, tai nyekundu, Volvo kuukuu, na hasira inayomtangulia kila chumba anachoingia. Kuna jambo moja usipolishika orodha yako itayumba hata ukiwa na nyimbo nzuri namna gani: katika Luther, mara nyingi mtazamaji humjua muuaji mapema. Kipindi cha kwanza kabisa kinatukutanisha na Alice Morgan, mwanasayansi aliyeigizwa na Ruth Wilson, na haichukui muda tukajua alichofanya. Hatukai tukijiuliza ni nani. Tunakaa tukijiuliza Luther atamshikaje, na akishamshika atakuwa amebaki mtu wa aina gani. Muziki wake basi ni wa watu wawili wanaozungukana, kila mmoja akimsoma mwenzake. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa chini linatokana na kulisahau hilo, au linatokana na mafaili na mashine.

Kabla hujafuta wimbo wowote

Sikiliza orodha nzima ukiwa peke yako, kwa spika za masikioni, kitufe cha kuchanganya nyimbo kikiwa kimezimwa. Usiruke hata wimbo mmoja. Kuwa na daftari, na kila mara akili yako inapotoka kwenye London na kwenda kwenye kodi ya nyumba, andika ni wimbo gani na ni dakika ya ngapi. Siku inayofuata icheze tena kwa spika ile ile utakayoitumia watu wakija.

Kosa likisikika mara zote mbili, liko kwenye uteuzi au mpangilio. Likisikika kwenye spika tu, liko kwenye mafaili, mipangilio ya simu, au chombo chenyewe. Nimewaona watu wakifuta nyimbo bora kabisa kwa sababu besi ya spika ilikuwa imepandishwa hadi mwisho. Omutibo kwa mfano, gitaa lile la Waluhya, halivumilii besi nyingi: vidole vyote vinazama na unabaki na ngurumo. Shusha besi kwanza, ndipo uhukumu.

"Hii ni ya matanga"

Ndilo lililompata jirani yetu. Chanzo chake ni kuchanganya giza na huzuni. Luther ana huzuni, ndiyo, lakini pia ana haraka, ukaidi, mapenzi yasiyomwachilia, na mara chache sana ana utulivu wa mtu aliyekaa kimya akifikiri huku wenzake wanapiga kelele. Orodha ya huzuni tupu inamnyang'anya hayo yote na kumwachia machozi.

Tiba niliyoiona inafanya kazi ni hii. Kwa kila wimbo andika tukio moja, kwa sentensi moja, lenye mtu na kitendo ndani yake. "Luther anashuka ngazi mbio." "Alice anatabasamu na hajibu swali." "Luther amelala kwa nguo zake, simu inalia." Ukiandika neno kama "huzuni" au "usiku" badala ya tukio, wimbo huo hauna kazi, uondoe. Tulipofanya hivyo tulibaki na nyimbo 7 kati ya 18, na mbili kati ya hizo 7 zilikuwa na tukio lile lile, tukaondoa moja. Iliuma. Wimbo nilioupenda kuliko zote ndio ulioondoka, kwa sababu ulikuwa unanieleza mimi, na mpelelezi hakuwamo.

"Nimeisikia hii mahali"

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Ukitafuta nyimbo za Luther kwenye simu utapata orodha nyingi zinazofanana. Zote zina "Paradise Circus" ya Massive Attack, iliyoimbwa na Hope Sandoval, kwa sababu ndio wimbo unaofungua kila kipindi. Zote zina vipande vya Paul Englishby, aliyetunga muziki wa ndani ya tamthilia. Halafu zinajazwa na nyimbo zilizowahi kusikika nyuma ya matukio. Kukusanya hizo ni kazi halali, lakini ukimaliza umeorodhesha kile ambacho watayarishaji walikwisha kuchagua. Orodha ya shabiki inapaswa kutuambia shabiki amemwonaje Luther, akiwa ameketi wapi.

Mimi nimeketi Kisumu. Swali nililojiuliza lilikuwa rahisi: kama Luther angekuwa anarudi nyumbani saa nane za usiku kupitia Kondele, ni sauti gani ingekuwa hewani? Kuanzia hapo nyimbo zilikuja zenyewe.

Kwa Luther akiwa peke yake garini tuliweka omutibo: gitaa moja la vidole, na mwenzake akigonga na kukwaruza chupa ya soda kushika mdundo. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, ndilo jina utakalolisikia kwanza ukiwauliza wazee wa upande wa Butere na Khwisero. Rekodi hizo zina upweke usiojililia. Mtu anapiga gitaa, chupa inajibu, basi. Nilipouweka wimbo wa namna hiyo baada ya tukio la vurugu, dada yangu mdogo aliyekuwa akiosha vyombo alisimama na sahani mkononi mpaka ukaisha.

Kwa kumkimbiza mtu tuliweka isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na mwendo wake hauruhusu mguu kutulia. UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kutaka vijana waisikie hata kwa kupitia mpelelezi wa London. Tahadhari moja: rekodi nyingi utakazozipata zimechukuliwa kwenye sherehe, zina vigelegele na kelele za watu. Hilo lilinisumbua mwanzoni. Sasa naona linafaa, kwa sababu Luther huwakimbiza watu katikati ya mji, na watu wapo.

Alice Morgan alitusumbua kuliko wote. Tulijaribu nyimbo za mapenzi, tukajaribu nyimbo za kutisha, hakuna iliyomkaa. Jibu likawa orutu. Ala hiyo ya Wajaluo ina uzi mmoja tu, na upinde ukipita juu yake hutoa sauti inayokaribia kabisa ya mtu lakini si ya mtu. Hapo rafiki yangu mmoja aliruka kutoka kwenye kiti: "Huyo ni yeye!"

Na kama unaona aibu kuweka muziki wa kwetu kwenye hadithi ya upelelezi ya Waingereza, kumbuka kwamba lilikwisha kufanyika kwenye sinema kubwa. "Kothbiro" ya Ayub Ogada, nyatiti (kinubi cha Wajaluo) na sauti yake, ilitumiwa katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, hadithi ya mtu anayechunguza kifo cha mkewe hapa Kenya. Hakuna mtu aliyehitaji kutafsiriwa Kijaluo ili aguswe. Ogada alifariki mwaka 2019 nyumbani kwake Nyahera, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandika, na kila nikiusikia wimbo huo nauona ule mteremko wa kuingia mjini.

Wimbo unafaa kwa sauti, lakini mzee mmoja chumbani amenuna

Chanzo: maneno. Hili limewaponyoka hata watu makini.

Nilikuwa nimeweka wimbo mmoja wa zamani wa benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwenye tukio la kukimbizana. Gitaa la kwanza lilikuwa linakimbia, la pili linamfuata, besi inaruka. Nilikuwa na uhakika nao. Nyanya yangu alikuja kututembelea kutoka shambani, akausikia, akauliza kwa nini tunamchezea marehemu. Wimbo mzima ulikuwa wa kumwombolezea kijana aliyekufa maji, ametajwa kwa jina, na wazazi wake, na kijiji chake. Mimi nimezaliwa mjini, Kijaluo changu ni cha sokoni, na kasi ya magitaa ilikuwa imenificha kila kitu.

Benga iko hivyo. Wimbo wa kucheza unaweza kuwa wa maombolezo, na nyimbo nyingi zimetungwa kumsifu mtu fulani aliyewahi kumsaidia mwanamuziki. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alijulikana kwa mafumbo: unasikia hadithi ya Biblia au ya wanyama, kumbe viongozi wanaambiwa ukweli. Mtu wa namna hiyo anafaa sana kwenye orodha ya upelelezi, kwa sharti kwamba umeelewa anachosema.

Kwa hiyo kabla ya kuuthibitisha wimbo wa lugha usiyoimudu, mtafute anayeimudu, wa umri wa wazazi wako au zaidi, akae nao wimbo mzima. Umuulize mambo mawili tu: ni nani anayeimbwa, na wimbo huu hupigwa wapi. Jibu la pili ni muhimu kuliko la kwanza. Upande huu wa nchi kuna nyimbo ambazo watu wamezisikia kwenye matanga peke yake, usiku, jenereta likinguruma, na huwezi kuzitenga na mahali hapo. Ukiziweka, msikilizaji wako hatamwona Luther. Atamwona mjomba wake.

Wimbo wa nyanya niliuondoa. Yeye mwenyewe alinipendekezea mwingine.

Kila wimbo ni mzuri, zikifuatana zinachosha

Tatizo la mpangilio. Linakuwa na sura mbili.

Ya kwanza ni mwendo. Hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15 kwa kugonga mezani, zidisha kwa 4, andika namba pembeni mwa jina. Fanya hivyo kwa zote. Ukiona 72, 70, 74, 71 zimepangana, umepata sababu ya watu kusinzia. Ukiona 70 na baada yake 140 bila kitu katikati, umepata sababu ya watu kushtuka na kushika simu. Mimi sipendi kuruka zaidi ya mapigo 25 kwa mara moja, isipokuwa pale ninapotaka mshtuko kwa makusudi, na hilo nalifanya mara moja tu katika orodha nzima. Nyatiti ni daraja zuri: nyuzi zake 8 huweza kusikika za polepole au za haraka kutegemea unazifuata kwa mguu au kwa kidole.

Sura ya pili inahusu benga hasa. Wimbo wa benga huanza kwa kuimba, halafu sehemu ya mwisho magitaa yanaachiwa uwanja na moto unapanda hadi mwisho. Ni kinyume cha nyimbo nyingi za redio, ambazo kilele chake kiko kwenye kiitikio. Wimbo wowote utakaoufuata mwisho huo utaonekana mnyonge, hata kama ni mzuri. Tulihangaika na hilo wiki nzima mpaka tukagundua tusijaribu kushindana nao. Baada ya benga weka sauti ya mtu mmoja bila ala nyingi, au weka sekunde kadhaa za kimya. Luther mwenyewe hufanya hivyo: baada ya ghasia husimama tu, mikono mifukoni.

Kuhusu urefu, kipindi kimoja ni karibu saa nzima, na orodha ikiwa ya saa moja inakaa vizuri. Nyimbo 14 za dakika 4 zinakupa dakika 56. Ukiwa na benga nyingi, 9 au 10 zitatosha kwa sababu ya urefu wake.

Wale wanaojenga orodha ya tamthilia ambayo muuaji hajulikani hadi mwisho, mambo yao ni tofauti, wao wanahitaji kuficha. Inspector Morse ina mfano mzuri: Barrington Pheloung, mtunzi wa muziki wake, aliuficha mdundo wa msimbo wa Morse, ile alfabeti ya nukta na mistari ya telegrafu, ndani ya wimbo wa ufunguzi, ukitaja herufi za jina Morse. Wimbo wa namna hiyo, unaoficha kitu mbele ya macho ya watu, ndio wa kuutafuta kwa tamthilia za aina hiyo. Kwa Luther hauna kazi.

Watu hawaingii, wimbo wa tatu wanaanza kuzungumza

Angalia ulichoanza nacho. Mara nyingi ni wimbo wa ufunguzi wa tamthilia, mzima. Kwenye runinga tunasikia kipande kifupi cha "Paradise Circus". Kwenye albamu ya Heligoland ya mwaka 2010 wimbo huo unakaribia dakika 5. Msikilizaji anaufurahia sekunde za kwanza kwa sababu anaukumbuka, halafu anasubiri kipindi kianze, na hakianzi.

Uweke wa nne au wa tano, baada ya kuwa mmeshaingia kwenye hadithi. Mimi naanza na gitaa la omutibo na chupa yake. Shabiki wa Luther hushangaa, anakaza sikio, na "Paradise Circus" ikifika anaipokea kama mgeni aliyemsubiri.

Wimbo unakatika katikati, au mtu anapiga kelele ndani yake

Sasa tumeingia kwenye mafaili.

Ukisikia benga au rumba ya zamani inafifia wakati magitaa ndiyo kwanza yanapata moto, faili lako halijaharibika. Nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri ndogo zenye nafasi ya dakika chache kila upande, zikagawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Aliyezihamisha alizihifadhi kama nyimbo mbili. Tafuta sehemu ya pili, iweke mara tu baada ya ya kwanza. Mara nyingi moto wote uko huko. Kukiwa na albamu ya mkusanyiko iliyouunganisha, chukua hiyo.

Ukisikia mtu akitaja jina lake na mji wake juu ya wimbo, faili limekatwa kutoka kwenye mchanganyiko wa didijei. Hakuna dawa ya kumwondoa. Tafuta wimbo wenyewe mahali pengine.

Ukisikia matoazi na sauti za juu zikiwa kama zinapita kwenye maji, faili limebanwa kupita kiasi. Angalia ukubwa wake: faili la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 1 kwa kila dakika, na la 320 takriban megabaiti 2.4. Wimbo wa dakika 6 wenye megabaiti 2 umeminywa, na kuupandisha tena hakurudishi kilichopotea.

Sauti inaruka: huu haufiki, ule unapasua masikio

Rekodi za miaka ya 1970 zilitengenezwa na nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa. Za siku hizi hujazwa hadi ukingoni. Ukizichanganya utakuwa mtumwa wa kitufe cha sauti usiku kucha. Kwenye Spotify kuna mpangilio wa kusawazisha sauti ndani ya sehemu ya uchezaji, hakikisha umewashwa. Kwa mafaili yako mwenyewe, programu ya MP3Gain huyapeleka yote kwenye kiwango kimoja bila kuyabana upya, na kiwango inachopendekeza cha desibeli 89 kinatosha.

Hapo hapo kwenye uchezaji utakuta krosifedi, inayofanya wimbo mmoja ufifie huku mwingine ukiingia, hadi sekunde 12. Kwa orodha hii mimi naizima kabisa. Inameza ile sekunde ya kimya baada ya benga ambayo tumeipigania.

Nimepanga vizuri, inacheza ovyo

Kama ni simu, angalia ile mishale miwili inayopishana. Ikiwa na rangi, nyimbo zinachanganywa. Akaunti za bure nazo huingiza matangazo, na tangazo la sabuni baada ya orutu ya Alice linabomoa kila kitu. Kwa jioni ya wageni, mmoja wetu mwenye akaunti ya kulipia ndiye anayecheza.

Kama ni flashi kwenye gari au redio, kuna vyanzo viwili. Majina ya mafaili yakianza kwa 1, 2, 3 mashine nyingi zitacheza 1, kisha 10, kisha 11, ndipo 2. Andika 01, 02, 03. Ukifanya hivyo na bado inakosea, mashine hiyo haiangalii majina hata kidogo. Inafuata utaratibu ambao mafaili yaliingia kwenye flashi. Futa yote, kisha nakili moja moja, ya kwanza kwanza, ukisubiri kila moja limalizike. Ni kazi ya dakika 10. Nilimfanyia hivyo dereva mmoja wa matatu ya Kisumu hadi Kakamega, na orodha yote ikapigwa kwa mpangilio. Tulifika Chavakali isukuti ikianza, abiria wawili wakaanza kutikisa mabega.

Rafiki wa Nakuru amefungua orodha, nyimbo tatu ni za kijivu

Haki za wimbo huo haziko katika nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti yake, au aliyeupakia ameuondoa. Wimbo huo huo huwa umetolewa kwenye albamu zaidi ya moja, na toleo jingine linaweza kuwa wazi. Tatizo linalofanana nalo ni wimbo usiotafutika. Majina ya wanamuziki wetu yameandikwa kwa kila namna: Misiani utamkuta kama D.O., kama Daniel Owino, kama Owino Misiani, au chini ya jina la bendi peke yake. Majina ya Kijaluo yenye ng' hupoteza alama yake. Tafuta kwa bendi kwanza, kisha shuka kwenye nyimbo.

Na tafadhali tuma kiungo cha orodha badala ya kunakili mafaili ya watu. Wengi wa wanamuziki hawa wameacha familia, na kile kidogo kinachotokana na kusikilizwa ni chao. Kwa mwenye bando dogo, saa moja ya kusikiliza kwa kilobiti 96 hula takriban megabaiti 43, na kwa 320 ni 144. Anaweza kushusha ubora akiwa njiani.

Mtu ambaye hajamaliza msimu wa kwanza amekasirika

Umemwambia nani anakufa. Hukusema kwa mdomo, umesema kwa majina ya nyimbo, au kwa kuweka nyimbo za kuaga mfululizo baada ya wimbo unaomwakilisha mhusika fulani. Mtu mwenye akili ataunganisha, na mashabiki wa upelelezi wana akili. Wape wahusika wenye hatari nyimbo mbili mbili, moja mapema na moja baadaye, ili asiwepo anayetoweka. Picha ya jalada nayo isiwe ya kipindi cha mwisho. Sisi tumetumia picha ya koti la kijivu limetundikwa msumarini.

Nyimbo za utulivu hazisikiki jioni

Hili ni la Kisumu. Mvua ikianza kupiga mabati, omutibo na nyatiti zinakufa papo hapo, na kuongeza sauti kunaumiza tu. Tunayo orodha fupi ya pili kwa ajili hiyo, isukuti na benga na nyimbo chache za London zenye ngoma nzito, dakika 25. Mvua ikikolea tunahamia huko, ikipungua tunarudi tulipoachia.

Kuna wimbo mmoja tu usiofuata utaratibu huo. "Kothbiro" maana yake ni mvua inakuja, ni wito wa kurudisha ng'ombe nyumbani. Mawingu yakianza kushuka kutoka milima ya Nandi na upepo ukageuka, anayeshika simu anauruka wimbo uliopo, chochote kilichopo, na kuuweka huo. Tunatega masikio mlangoni mpaka matone ya kwanza yafike.